Wifi Chaki na Injini Kumi na Moja

Wifi yangu Chaki, dada mkubwa wa mume wangu, ana miaka hamsini na nne, na kama angependa watu nusu ya anavyopenda injini, mimi ningekuwa nimeshanenepa kwa mapenzi. Siwezi kusema sikuonywa. Siku niliyopelekwa kwao kutambulishwa, mama mkwe aliniuliza habari za wazazi, mashangazi wakaniuliza habari za kazi, na yeye akatega sikio barabarani, akasema, "Hiyo teksi iliyokuleta, silinda moja haiwaki." Ndipo akanipa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki mpaka karibu na kiwiko.

Jina la Chaki alipewa na mafundi, likamganda. Kwa miaka ishirini na sita ametunza stoo ya yadi ya magari mabovu, banda refu la mabati lenye injini na giaboksi kuukuu zilizopangwa chini safu kwa safu. Ukiingia pale wewe na mimi tunaona vyuma. Yeye anaona watu anaowafahamu, tena na ukoo wao. Kila injini ilipotengenezwa iligongwa namba ubavuni, lakini ikishapita miaka arobaini au hamsini kutu inaimeza. Wifi anachofanya ni kupiga brashi ya waya, kupaka chaki pale anapohisi namba imejificha, kisha kufuta kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo tu, na namba inajitokeza nyeupe pee. Nimeliona jambo hilo mara mia na bado huwa napiga makofi.

Na hata namba ikiwa imekwisha kabisa, hashindwi. Anahesabu bolti za sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Anatazama plagi zimekaa upande gani na moshi ulikuwa unatokea upande gani. Giaboksi anaitia gia, anazungusha mti wa mbele, ule ufito wa chuma unaopokea nguvu ya injini, kwa mkono huku anahesabu kimoyomoyo, mpaka mti wa nyuma umalize mzunguko mmoja. Mbele mara tatu na nusu, nyuma mara moja, basi anakwambia hiyo ni gia ya kwanza ya gari fulani la mwaka fulani, na kwamba mlimani lilikuwa likilalamika.

"Gia haina unafiki, wifi," huniambia. "Unafiki wanao binadamu."

"Ndiyo maana mume wa pili hajapatikana," humjibu. "Unataka kuwahesabia mizunguko." Mawifi tuna ruhusa ya kusemana, na sisi tunaitumia ipasavyo.

Mwaka jana mwenye yadi, ambaye sote tunamwita Bosi, aliamua kuifunga stoo. Si mtu mbaya. Alitaka nafasi ya kuweka matairi mapya. Alimwambia wifi kwamba miaka miwili imepita hakuna aliyekuja kuulizia vyuma vile, kwa hiyo Alhamisi lori la chuma chakavu litaanza kuvihamisha vikayeyushwe. Wifi hakulia wala hakugomba. Alinyamaza siku mbili mfululizo, na hapo ndipo tulipoogopa, maana mwanamke huyu hata usingizini anataja namba.

Jumatano mchana simu ikaita. Alikuwa mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, anatafuta injini na giaboksi yake kwa ajili ya gari la marehemu baba yake. Gari lenyewe lilikuwa na zaidi ya miaka sitini, na fimbo yake ya gia ilikuwa kwenye usukani, si sakafuni. Alikuwa amezunguka yadi tisa. Kwenye ya tisa akaambiwa yuko mama mmoja wa chaki, akikosa kwake arudi nyumbani akalale.

Wifi alimkimbilia Bosi na simu mkononi. Bosi alimsikiliza, akakuna kidevu, akatoa hukumu. "Sawa. Ukimpatia mzee wa watu injini yake humu ndani, na giaboksi yake, stoo inabaki na wewe unabaki. Ukikosa, tumemalizana. Lakini lori halimsubiri mtu. Asubuhi litaanza na zile za uani, na ambazo una hakika si zenyewe, zipande."

Jioni ile wifi alipita kwangu, macho yanawaka. Zile za ndani ya banda alikuwa anazijua zote kwa namba, na ya mzee haikuwamo. Kama ipo, alisema, basi ipo kwenye rundo la uani. Rundo hilo lilikuwa la injini kumi na saba, kila moja na giaboksi yake, zilizoletwa kwa mkupuo mmoja kutoka gereji iliyofungwa. Mvua za miaka minne zilikuwa zimezipiga, tope likazikaukia mpaka zikawa vichuguu. Hakuwahi kuzisafisha kwa sababu Bosi hakuwahi kumpa mtu wa kuzinyanyua.

"Kesho funga cherehani yako," akaniambia. "Nahitaji mikono."

"Wifi, mimi fundi nguo. Injini nitaishonea nini?"

"Utanipa vitu nikiomba. Na utanyamaza." La kwanza nililiweza.

Saa mbili asubuhi lori lilikuwa limeshaingia, na winchi yake imeinuliwa. Dereva alikuwa amekaa mlangoni anatafuna kijiti. Hapa inabidi nikueleze jambo moja alilonifundisha wifi. Magari ya zamani yalitoka nchi za namna mbili: zile zilizopima kila kitu kwa inchi, na zile zilizopima kwa milimita. Gari la mzee lilikuwa la inchi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuyatenga makabila hayo mawili: za milimita zipande lorini, za inchi zibaki zioshwe na kutazamwa moja moja. Kwa kawaida wifi hutumia spana ndogo ya nusu inchi, ambayo bolti ya milimita inayofanana nayo haiingii hata uipigie magoti. Lakini pale bolti ndogo zote zilikuwa zimezama ndani ya tope gumu. Vilivyokuwa wazi ni vichwa vya zile bolti kubwa zinazoshikanisha injini na giaboksi.

"Mama, tunapakia au tunapiga picha?" dereva akaita.

"Wifi, spana!" Chaki akapiga kelele bila kugeuka. "Moja kubwa, upesi!"

Nikakimbilia ukutani nikachomoa misumarini ile iliyokuwa inang'aa kuliko zote. Ilikuwa namba kumi na tisa. Nikamtia mkononi, akairukia injini ya kwanza.

"Inakaa! Milimita. Ipande!" Akachora mkasi mkubwa wa chaki, mistari miwili iliyokatana, na winchi ikashuka. "Hii inacheza! Iache. Inakaa, ipande! Inakaa!"

Nakwambia ukweli, nilifurahi mno. Minyororo inalia, tope linapasuka vipande, wifi anaruka kutoka chuma hadi chuma na gauni amelifunga kiunoni, nami nyuma yake na kopo la chaki nikiona kama ninaendesha dunia. Katika saa moja na nusu kazi ilikwisha. Injini kumi na moja zilikuwa na mkasi wa chaki, zimepanda. Sita zilibaki. Lori likatoka getini, na mzee mpima ardhi akaingia kwa miguu wakati vumbi bado halijatua.

Alikuwa mtu mwembamba, shati limenyooka, na mfukoni alikuwa na bolti moja kubwa iliyofungwa kwenye leso. Alisema ni ya giaboksi ya baba yake iliyovunjika, ameichukua kama sampuli. Wifi akampa kiti. Hakukaa.

Tukaanza kuosha zile sita. Ya kwanza ilikuwa na silinda sita, mzee anataka nne. Ya pili plagi zilikuwa upande usio wake. Ya tatu wifi alipaka chaki, akafuta, akasoma namba na kutingisha kichwa. Ya nne hivyo hivyo. Ya tano! Ya tano tulipiga kelele wote watatu, maana herufi za mwanzo wa namba zilikuwa zenyewe kabisa. Kisha wifi akazunguka nyuma na kukuta giaboksi ina tundu la fimbo juu ya mgongo. Gia ya sakafuni. Gari la ukoo mmoja, lakini la miaka ya baadaye, na injini yake kubwa zaidi. Ya sita haikuwa na maana ya kuitaja.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akatazama saa yake, akaingia ndani. Wifi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Nilimwona kwa mara ya kwanza ana sura ya umri wake, na roho iliniuma hata nikakosa utani.

"Mama, umehangaika sana," mzee akamwambia. "Mungu akulipe. Huenda zimekwisha duniani." Alikuwa ameegemea ile injini ya tano, na kwa kukosa la kufanya akaiokota spana niliyoileta mimi, akaichomeka bolti yake katika mdomo wa spana, akawa anaizungusha taratibu.

Wifi akaitazama ile bolti. Akainuka.

"Mzee, hiyo bolti ni ya gari la baba?"

"Ndiyo, mama."

"Ya inchi?"

"Ya inchi, robo tatu."

"Na imekaa," wifi akasema. Haikucheza hata kidogo. Ilikaa kama imezaliwa humo. "Imekaa kwenye kumi na tisa! Wifi! Wifi, nimejimaliza mwenyewe!"

Mimi sikuelewa kitu. Ikabidi anieleze huku ananivuta mkono kuelekea kwenye pikapu ya yadi. Spana karibu zote zinaweza kutofautisha inchi na milimita. Kumi na tisa haiwezi. Milimita kumi na tisa na robo tatu ya inchi zimepishana kwa kiasi kisichofika unene wa unywele, na spana hiyo inazikumbatia zote mbili bila haya. Ni jambo analolijua kila fundi, na wifi yangu amewatukana mafundi wazima mbele ya wateja kwa kulisahau. Asubuhi ile alilisahau yeye. Nami ndiye niliyemkabidhi, tena kwa kuipenda kwa kung'aa kwake. Hakunilaumu, na mimi nikaona heri angenilaumu.

"Panda!" akasema. "Mzee, na wewe panda!"

Pikapu ile ni ya zamani. Gia yake ya kwanza haikubali kuingia gari likiwa linatembea, mpaka ukanyage klachi, uachie, upige mafuta kidogo, ukanyage tena. Madereva wengi wa yadi wameiogopa. Wifi aliiendesha kama anaipigia ngoma. Kwenye kona ya kituo cha mafuta alishusha gia tatu hadi mbili, mbili hadi moja, klachi mara mbili kila gia, bila hata mkwaruzo. Mzee, aliyekuwa katikati yetu ameshika leso yake, akapaza sauti, "Klachi mara mbili! Unapiga klachi mara mbili!" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Sijasikia mlio huo tangu baba alipoacha kuendesha."

"Shika dashibodi, mzee!" wifi akajibu. "Kulia baadaye!"

Mimi nilikuwa mlangoni nacheka na kuomba dua kwa wakati mmoja. Tulijua lori linapitia kwenye mizani kwanza, na kwamba likishapimwa halishushwi kitu tena. Karatasi ikigongwa muhuri, chuma ni cha kiwandani. Tulipofika, malori mawili yalikuwa kwenye foleni. La kwanza lilikuwa juu ya mizani. La pili lilikuwa letu.

Wifi aliisimamisha pikapu mbele ya pua ya lori na kuruka chini. Dereva akatoa kichwa.

"Mama, kuna nini tena?"

"Umebeba injini yangu."

"Nimebeba ulizoniambia nibebe. Umezichora mwenyewe kwa mkono wako."

"Nimekosea. Washa winchi."

"Kilichopanda kimepanda, mama. Nipishe, foleni inasogea."

Wifi hakubishana. Aliinua gauni, akakanyaga tairi, akashika ubao wa ubavuni, na mwanamke wa miaka hamsini na nne mwenye goti bovu akawa juu ya shehena mbele ya watu wote wa mizani. Nyuma yetu honi zikaanza. Mimi nikasimama mahali alipokuwa amesimama yeye, mbele ya lori, nikapanua mikono, nikamwambia dereva kwamba akitaka kupita anipitie juu, na kwamba mume wangu ana hasira sana. Mume wangu hana hasira hata ya kuua mbu, lakini dereva angejuaje?

"Brashi!" sauti ya wifi ikatoka juu. Mzee akaitoa kwenye pikapu, akamrushia. Tukasikia anakwangua. "Siyo. Siyo. Hii siyo. Iko chini ya hizi mbili. Kaka, nakuomba, inua hizi mbili tu. Ikiwa siyo, ninakwenda nyumbani na hutaniona tena."

Sijui ni lile neno kaka au ni zile honi. Dereva alitema kijiti chake na kuwasha winchi. Injini mbili zikapanda hewani, zikaning'inia. Wifi akapiga magoti ndani ya uwazi, akabomoa tope ubavuni mwa giaboksi kwa ncha ya spana.

"Mzee!" akapiga kelele. "Mzee, hakuna tundu mgongoni! Ubavuni kuna vishina viwili! Viwili, mzee! Mikono yake ya kubadilishia gia imeng'olewa lakini mahali pake papo! Hii ilikuwa gia ya usukani!"

Akapaka chaki ubavuni mwa injini. Akafuta. Kisha akaanza kusoma, herufi kwa herufi, na mzee pale chini akiwa ameifungua kadi ya gari ya baba yake, kidole kikitembea. Herufi ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo. Namba za ukubwa, ndiyo. Zilizofuata zilikuwa tofauti, kama inavyotakiwa, maana kila injini ina zake. Lakini ukoo ulikuwa ule ule, mwaka ule ule. Mzee alikaa chini kwenye changarawe na suruali yake iliyonyooshwa, akalia kama mtu aliyeletewa habari njema ya mgonjwa. Mimi nilipiga kigelegele mpaka mtu wa mizani akatoka ofisini. Hata dereva alikuwa anacheka.

Nilimpigia Bosi, nikamwekea wifi simu sikioni maana mikono yake ilikuwa imejaa tope. Sote tulimsikia. "Una hakika? Na giaboksi yake? Haya, Chaki. Umeshinda. Stoo ni yako. Shusheni hiyo moja mrudi."

Nilitegemea aruke. Badala yake alikuwa anatazama zile injini nyingine, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na mkasi wa chaki aliouchora yeye.

"Bosi," akasema, "zimebaki kumi."

"Kumi zipi?"

"Nilizipima zote kwa spana ile ile."

"Chaki, mzee amepata yake. Yatosha. Ziache ziende."

"Nimeziandika milimita na sijui kama ni milimita. Siwezi kuzipeleka motoni kwa kosa langu."

Lori la mbele likashuka kwenye mizani, na mtu wa mizani akatupungia mkono tusogee. Nilitamani kumwambia wifi achukue ushindi wake twende nyumbani, maana Bosi akikasirika angeweza kuyabadili maneno yake pale pale. Nilimtazama usoni nikaona hakuna wa kumwambia.

"Kama utaifunga stoo kwa ajili ya hili, ifunge," akasema wifi. "Lakini hizi nazirudisha nikazipime."

"Zirudishe," Bosi akasema hatimaye. "Na kesho uniambie ni ngapi ulizokosea. Nataka kusikia kwa mdomo wako."

Tulizirudisha zote. Mchana kutwa tulipiga tope kwa nyundo na maji ya moto, mzee naye amekunja mikono ya shati, hataki kuondoka, mpaka bolti ndogo zikaonekana na spana ya nusu inchi ikafanya kazi yake. Nane zilikuwa za milimita kweli, na wiki iliyofuata zilikwenda. Mbili hazikuwa. Wifi alimwambia Bosi hivyo hivyo, amesimama wima: moja ya mzee na mbili nyingine, jumla tatu. Bosi akamwuliza hizo mbili ni za magari gani. Moja alimjibu papo hapo. Ya pili ameipiga brashi, ameipaka chaki, amehesabu bolti zake, amezungusha giaboksi yake mara hamsini, na mpaka leo hajui. Gia zake hazilingani na chochote alichowahi kukishika. Ameiweka katikati ya stoo juu ya meza, na kila nikipita pale asubuhi kumsalimu ananipungia mkono ninyamaze, sikio lake limelazwa juu ya chuma, anatabasamu.